Kuzuia ukatili wa majumbani katika jamii za wahamiaji: mwongozo kamili kwa wanaoandaa elimu ya jamii

Elimu ya ukatili wa majumbani ikifanywa vizuri, watu hujitokeza. Mara nyingi hujitokeza siku ileile, viti vinapokusanywa: mwanamke anabaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu cha mtoto, kisha anauliza swali "kwa niaba ya rafiki yangu". Kama hakuna aliyejiandaa kumjibu, somo lenu limemwongezea hatari. Ameonekana akizungumza nanyi, na anarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maandalizi ya kuwapokea watu. Darasa linakuja baadaye.

Jueni mkatili ameshika nini mkononi

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi aliyeufanya ni mume au mpenzi. Mkatili anaweza pia kuwa mama mkwe, kaka au mtoto aliyekwisha kukua, na wanaume nao huteswa. Kuhama nchi hakuleti ukatili huu. Kunampa mkatili nyenzo ambazo kwao hakuwa nazo.

Ya kwanza ni makaratasi. Anafungia pasipoti na vibali, anatishia kuwaita watu wa uhamiaji, au anaacha kwa makusudi kuhuisha kibali cha mwenzake. Ya pili ni lugha: polisi wakifika, anayejua kuzungumza nao ndiye anayesimulia kilichotokea, na mara nyingi huyo ndiye aliyepiga. Ya tatu ni fedha, mshahara unapoingia kwenye akaunti ambayo mwenye kazi hajui hata namba yake ya siri. Ya nne ni ndugu waliobaki nyumbani, wanaopigiwa simu na kuambiwa kwamba binti yao ameharibikiwa ugenini. Ya tano, ambayo wageni wa jamii hizi hawaioni upesi, ni hofu ya kunyang'anywa watoto na ustawi wa jamii.

Sasa mwambie mtu huyu "ukipigwa, waite polisi". Umemwambia asichoweza kukifanya. Somo lolote lisilogusa makaratasi, lugha, fedha, ndugu na watoto halimhusu.

Hatua ya 1: Andaeni njia ya kupokea watu, wiki 6 hadi 8 kabla ya somo la kwanza

Tafuteni watu na ofisi hizi, na mzungumze nao ana kwa ana, kwani orodha iliyonakiliwa kwenye mtandao haitoshi:

- Namba ya simu ya msaada inayojibiwa saa 24. Pigeni wenyewe usiku, ombeni mkalimani wa lugha yenu, mpime dakika zinazopita kabla hajapatikana. Zikizidi 10, muulize kuna njia gani nyingine.
- Nyumba salama. Ulizeni kama wanapokea mtu asiye na kibali, mwenye watoto wa kiume waliobalehe, au mwenye watoto zaidi ya 3. Hapa ndipo familia nyingi hukataliwa mlangoni.
- Mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni. Mjumbe anayejaza fomu kwa malipo mtaani hafai. Ombi moja lililojazwa vibaya linaweza kufunga njia zote zilizobaki.
- Hospitali au zahanati ambayo haimwiti mume aje kutafsiri.
- Mtu mmoja polisi anayeshughulikia ukatili wa kifamilia, awape maelezo ya mambo yanavyokwenda tangu simu inapopigwa hadi mahakamani.

Mwombeni mwanasheria awaandikie ukurasa mmoja kuhusu haki za mwathirika ambaye kibali chake kinategemea ndoa. Nchi nyingi zinampa njia ya kutokea, ila wenye haki hiyo hawaijui. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994 ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mke au mume wa raia au mkaazi wa kudumu anayeteswa anaweza kujiombea hadhi yake mwenyewe ya ukaazi bila mkatili kujulishwa, na viza ya U iliyoanzishwa mwaka 2000 ni ya waathirika wa makosa fulani ya jinai wanaosaidia uchunguzi. Uingereza, aliyeingia kwa viza ya mwenza anaweza kuomba ukaazi wa kudumu uhusiano ukivunjika kwa sababu ya ukatili. Kanada ilianzisha mwaka 2019 kibali cha muda kwa waathirika wa ukatili wa kifamilia. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, ambao ni mkataba wa Baraza la Ulaya wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, katika kifungu cha 59, unazitaka nchi zilizouridhia zimpe mwathirika kibali kisichotegemea mwenza wake, ingawa nchi zinaruhusiwa kujiwekea masharti juu ya kifungu hicho. Sheria hizi hubadilika. Ukurasa wenu ukaguliwe na mwanasheria kila miezi 6, na tarehe ya ukaguzi iandikwe chini yake.

Hatua ya 2: Kaeni na viongozi kabla hawajasikia kwa watu wengine

Imamu, mchungaji, mwenyekiti wa jumuiya na wazee wa usuluhishi ndio wanaopigiwa simu usiku. Msipowashirikisha watapinga. Lakini mkiwakabidhi usukani, mambo yatarudi kwenye kikao cha kupatanisha.

Kikao cha kupatanisha ndicho kinachotutia hofu kuliko mambo mengine yote katika kazi hii. Wanandoa waliotofautiana kuhusu matumizi ya fedha wanaweza kukaa mbele ya wazee wakaelewana. Lakini pale mmoja anapomwogopa mwenzake, kikao hicho ni mtego. Mwanamke akisema kweli, atailipia akifika nyumbani. Akinyamaza, wazee wanaandika kwamba wamepatana. Waelezeni wazee jambo hili bila kuwadhalilisha, maana wengi wao wanasuluhisha kwa nia njema na hawajawahi kuambiwa madhara yake.

Waombeni ahadi 4 tu, zilizo wazi:

1. Kutomrudisha mtu nyumbani usiku aliokimbia.
2. Kutowakalisha wawili pamoja palipo na kipigo, vitisho au hofu.
3. Kutomweleza mwenza kwamba mtu fulani alikuja kuongea.
4. Kuwa na namba ya msaada kwenye simu zao na kuitoa.

Kiongozi akikubali 3 kati ya hizo, endeleeni naye. Akikataa ya tatu, msimpeleke mtu kwake.

Hatua ya 3: Wawezeshaji

Kila kundi liwe na wawezeshaji 2: mmoja anaongoza mazungumzo, mwingine anatazama nyuso na kutoka nje na anayelia. Watoke katika jamii husika, lakini wasiwe ndugu wa mwenyekiti wala watu wanaojulikana kwa kubeba habari. Mtu msikilizaji aliyesoma kidogo anafaa kuliko msomi anayependa kuhutubia.

Mafunzo yao yasipungue saa 20. Robo ya muda huo iwe sheria na huduma, robo dalili za hatari, na nusu nzima iwe mazoezi ya kuigiza: mtu anakueleza jambo zito, nawe unajibu. Hapa ndipo tabia zetu zinapojitokeza. Karibu kila mtu, mara ya kwanza, anauliza "ulimfanyia nini mpaka akakupiga?" Afadhali aulize hilo mbele ya wenzake darasani kuliko mbele ya mwathirika.

Wajue pia mipaka ya siri. Katika nchi nyingi mfanyakazi wa huduma, na wakati mwingine mtu wa kujitolea, analazimika kisheria kutoa taarifa mtoto akiwa hatarini. Mulizeni mwanasheria kama mnabanwa na wajibu huo, kisha muuseme wazi mwanzoni mwa kila kipindi, kabla mtu hajafungua mdomo. Mkiuficha mkaja kuutekeleza baadaye, hakuna atakayerudi.

Hatua ya 4: Jina, mahali na saa

Tangazo lenye maneno "ukatili wa majumbani" litamzuia yule mnayemtaka. Tumieni jina la kweli lakini pana, kama "Familia na sheria katika nchi mpya" au "Malezi, fedha na afya ya familia". Vipindi viwe na mambo hayo kwelikweli, ili anayeulizwa nyumbani alikuwa wapi asilazimike kudanganya.

Pangeni makundi ya watu 8 hadi 15. Wakizidi 15, walio kimya hawasemi kamwe. Kila kipindi kiwe cha dakika 90 hadi 120, mara moja kwa wiki, kwa wiki 6. Muwe na mtu wa kuangalia watoto katika chumba kingine. Watoto wa miaka 4 hurudia nyumbani kila walichosikia.

Vipeperushi virefu havisomwi, na vikikutwa mkobani vinaleta balaa. Chapisheni kikadi kidogo kinachoingia chini ya soli ya kiatu, chenye namba bila maelezo. Bandikeni tangazo lenye vipande vya kuchanwa ndani ya vyoo vya wanawake na vya wanaume. Hapo mtu huwa peke yake.

Hudhurio liandikwe kwa idadi tu. Msiandike majina kamili, anwani wala hali ya kibali cha mtu. Na msifungue kundi la WhatsApp la washiriki, hata wakiomba: simu nyingi hukaguliwa, na namba zote huonekana.

Hatua ya 5: Vipindi 6

Wanawake na wanaume wakae mbalimbali katika vipindi 4 vya kwanza. Vya mwisho viwe vya pamoja pale tu wawezeshaji wote 2 wanapoona hakuna atakayeumia kwa alichosema.

*Kipindi cha 1, maisha yalivyobadilika.* Kila mtu aeleze saa 24 za siku yake kabla ya kuhama na sasa: nani anapika, nani anafanya zamu ya usiku, nani ana akaunti ya benki. Hamjataja ukatili, lakini mgawanyo wa madaraka umeshaonekana ubaoni.

*Kipindi cha 2, ugomvi na ukatili.* Watu wote wenye ndoa hugombana. Wapeni swali moja la kupimia: je, mmoja anamwogopa mwenzake? Kisha orodhesheni aina za ukatili: kipigo, matusi ya kila siku, kulazimisha tendo la ndoa, kunyima fedha, kuficha pasipoti, kupekua simu, kumtenga mtu na marafiki. England na Wales zilifanya udhibiti wa kulazimisha, yaani kumtawala mwenza kwa vitisho na kumbana kila upande, kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015, hata pasipo kipigo. Katika kipindi hiki mtasikia "ndugu wakigombana chukua jembe ukalime". Msiibeze methali hiyo. Ulizeni kundi: kama mmoja ana fimbo na mwingine hana, bado wanagombana?

*Kipindi cha 3, makaratasi na sheria.* Hiki ndicho kinachojaza chumba, kwa hiyo kipewe muda wote wa saa 2 na mwanasheria awepo. Andikeni vitisho kwenye kadi, kila kadi kitisho kimoja: "Nikipiga simu moja unarudishwa kwenu." "Ukiniacha watoto wanabaki nami kwa sababu mimi ndiye mwenye kibali." "Ukiita polisi sote tunafukuzwa." "Ndoa yetu ilifungwa kwa dini tu, hapa huna haki." Kundi lizipange kadi katika mafungu 3: kweli, si kweli, inategemea. Mwanasheria afafanue moja baada ya nyingine. Fungu la "inategemea" litakuwa kubwa, na lazima lishughulikiwe kwa ukweli. Mkiahidi kwamba hakuna anayeweza kurudishwa kwao na ikawa vinginevyo kwa mtu mmoja, habari hiyo itafika kila nyumba kabla ya jioni.

*Kipindi cha 4, watoto na malezi.* Elezeni mambo gani hasa huwafanya ustawi wa jamii waingilie kati katika nchi hiyo, na kwamba mzazi anayetafuta msaada mapema huwa na nafasi nzuri zaidi ya kubaki na watoto wake. Zungumzieni pia watoto kufanywa wakalimani. Mtoto asitafsiri kamwe habari za kipigo. Kituo cha huduma kitafute mkalimani wa simu, ikiwezekana aliye mji mwingine, kwa sababu katika jamii ndogo mkalimani wa jirani huenda ni shemeji. Mtu aulizwe lugha anayoizungumza nyumbani, maana jina la nchi halitoshi: anayetoka mashariki mwa Kongo huenda Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu.

*Kipindi cha 5, jirani afanye nini.* Wengi waliomo chumbani hawapigwi wala hawapigi. Wanasikia kelele ukutani. Wafundisheni mambo wanayoweza kufanya: kugonga mlango kuomba chumvi ili kukatiza kelele kama ni salama, kupiga simu ya dharura, kumwuliza mhusika siku nyingine akiwa peke yake, kukubali kumtunzia bahasha ya nakala za hati. Wasimvamie mkatili wala kumwambia wanajua.

*Kipindi cha 6, maazimio.* Kundi lichague mambo 2 au 3 litakayoyafanya lenyewe. Yakiwa 10, hakuna litakalofanyika.

Hatua ya 6: Mtu anapojitokeza

Maneno ya mwanzo ni machache. "Nakuamini." "Hukustahili kufanyiwa hivi." "Uko salama kurudi nyumbani leo?" "Ungependa tufanye nini?" Kisha nyamazeni. Msimwambie aondoke. Kipindi cha kuondoka, na miezi michache baada yake, ndicho chenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa, na yeye ndiye anayemjua mwenzake vizuri kuliko sisi.

Ulizeni dalili za hatari moja baada ya nyingine: ameshawahi kukukaba koo? Ametishia kukuua au kujiua? Ana silaha? Vipigo vinaongezeka? Anakufuatilia kila unakokwenda? Wewe ni mjamzito? Kukabwa koo kupewe uzito wa pekee. Ni miongoni mwa ishara kubwa za mauaji yanayoweza kufuata, na madhara yake katika mishipa ya shingo na ubongo yanaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye hata kama ngozi haina alama. Aliyekabwa siku za karibuni aende hospitali siku hiyohiyo.

Mpango wa usalama upangwe pamoja naye, kichwani, bila karatasi:

- Mlango upi atatokea, na ugomvi ukianza akae mbali na jiko na bafu.
- Neno la siri analoweza kumtumia rafiki, ambalo maana yake ni "niitie polisi".
- Nakala za pasipoti, kibali, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na kadi za chanjo, zikae kwa mtu anayemwamini. Asizipige picha kwa simu inayokaguliwa.
- Dawa, ufunguo wa akiba, nguo za watoto, fedha kidogo.
- Namba 2 alizozikariri.
- Namna ya kuomba msaada asipoweza kusema. Uingereza, anayepiga 999 kwa simu ya mkononi anaweza kubonyeza 55 akiulizwa. Ulizeni utaratibu wa mahali mlipo.

Kuhusu simu, kosa la kawaida ni kumshauri azime kila kitu. Mkatili akiona ghafla mahali alipo hapaonekani tena, atajua kuna jambo. Ni salama zaidi kutumia simu nyingine kabisa, ya rafiki au ya kituo, na kuiacha yake iendelee kama kawaida mpaka siku ya kuondoka. Akiondoka, ndipo abadilishe nywila za barua pepe na benki, tena kwa kifaa ambacho mkatili hajawahi kukishika.

Hatua ya 7: Wanaume

Wengi watakuja mkianza na yanayowauma: shahada isiyotambuliwa, kazi ya chini kuliko waliyoiacha, mke aliyepata kazi kwanza, watoto wanaowarekebisha lugha. Wapeni nafasi ya kuyasema, maana ni machungu ya kweli. Kisha swali lifuate: bosi anayekudharau kazini, umewahi kumpiga? Jibu lake linaonyesha kwamba mtu huchagua nani wa kumpiga na wapi. Mazungumzo yabaki hapo kwa muda mrefu, hata kukiwa na ukimya.

Mwanaume akikiri kwamba anapiga, msimshangilie kwa ujasiri wala msimfukuze. Mpelekeni kwenye mpango maalumu wa wanaotenda ukatili. Darasa la kudhibiti hasira pekee halifai hapa, kwani wengi wao hasira wanazidhibiti vizuri wanapotaka. Na mke wake awe na mtu wa kumuuliza hali yake, asiyehusiana na mpango wa mume.

Hatua ya 8: Kupima na kuendelea

Kabla ya kipindi cha 1 na baada ya cha 6, someni sentensi 6 kwa sauti, kwa mfano "mke ana haki ya kujua pasipoti yake iko wapi". Kila mtu atumbukize punje ya maharage au ya mahindi kwenye mkebe uliofunikwa, maharage kwa ndiyo, mahindi kwa hapana. Asiyesoma anashiriki sawa na wengine, na hakuna anayejulikana alichojibu. Msiulize kamwe kwenye kundi nani amewahi kupigwa.

Hesabuni pia ni watu wangapi waliomba msaada, na wangapi waliupata. Idadi ya wanaoomba itapanda katika miezi ya kwanza. Waelezeni wafadhili mapema wasidhani ukatili umeongezeka. Kama wanaoomba ni wengi na wanaoupata ni wachache, simamisheni madarasa mapya mpaka njia ya kupokea itengenezwe.

Shughuli zinazofanyika tu katika siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, hazibadilishi mwenendo wa nyumba. Mpango wa SASA!, wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, uliobuniwa na shirika la Raising Voices jijini Kampala, uliendeshwa na wanajamii wenyewe kwa karibu miaka 3. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta ukatili wa kimwili wa wenza katika mwaka uliotangulia uko chini kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyopata mpango huo, yakilinganishwa na yasiyoupata. Kwa hiyo pangeni miaka, na tangu mzunguko wa pili chagueni katika kila kundi watu 2 watakaofundishwa kuwa wawezeshaji wa mzunguko unaofuata.